Maisha ya Lhakyi, Shangazi wa Jiwe la Kiapo

Alizaliwa katika bonde la Lungmar, mpakani mashariki mwa Tibeti, mwaka wa Sungura wa Moto, wakati shayiri inavunwa mbiombio kwa sababu theluji ya mapema ilikwisha kuonekana vileleni. Baba yake aliitwa Tonyu, mtunza farasi wa kambi ya mfalme, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Mama yake aliitwa Sulan, Mchina wa mji wa Yonghe ng'ambo ya mto. Jeshi letu lilimteka pamoja na nusu ya mji wake, likamchanja alama ya mateka kwenye kifundo cha mkono, kisha likampa Tonyu kama askari anavyogawiwa blanketi. Waandishi wa maisha ya watakatifu wa mabonde mengine hupenda kusema kwamba siku ya kuzaliwa kwa mtakatifu wao upinde wa mvua ulitua juu ya paa. Sisi tunasema tulichopokea. Siku ile ilinyesha mvua ya mawe, shayiri ikalala chini, na jirani akamwambia Tonyu mlangoni, "Hongera kwa binti, pole kwa shamba." Mtoto akapewa jina la Lhakyi.

Maisha yake hayaeleweki bila ugomvi aliozaliwa ndani yake. Tangu enzi za mababu, mfalme wa Tibeti alipooa binti wa nyumba ya mfalme wa China, wafalme wa China wakawa wajomba zetu na sisi tukawa wapwa zao. Hata katika salamu za vita walitajana hivyo: mjomba anamsalimu mpwa, mpwa anambomolea mjomba ngome. Kila aliyekua na wajomba anaujua ugomvi huo. Mpwa huingia kwa mjomba bila kupiga hodi na hutoka na kuku. Mjomba humwita mpwa mshenzi mbele za watu, kisha humpa binti. Mwaka huu hariri kwa farasi, mwaka ujao moto. Na wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Kivukoni kwetu nyasi zilikuwa watu wa Yonghe na watu wa Lungmar, waliotekwa huku na kule mpaka haikubaki nyumba, upande wowote, isiyokuwa na mtu wake ng'ambo.

Sulan hakuwa mke mwenye manung'uniko. Alijifunza kukamua yaki, alikaanga shayiri na kuisaga, akamzoea Tonyu, na wapo wanaosema alimpenda. Lakini kila Mwaka Mpya wa Kichina, yeye na mateka wenzake walitoa mavazi ya kwao waliyoyaficha chini ya magunia. Lake lilikuwa koti la buluu lililojazwa pamba, lenye vifungo vya kitambaa. Alilivaa asubuhi ile moja tu katika mwaka, akasimama nyuma ya nyumba akielekea mashariki, machozi yakamtiririka. Kisha alilikunja na kurudi jikoni. Lhakyi alikuwa bado mdogo alipomfuata mara ya kwanza.

"Mama, unalia nini?"

"Silii. Nawasalimia watu."

"Watu gani? Mbona pale pana mlima tu?"

"Ndiyo, mwanangu. Wako nyuma ya mlima."

Mtoto akautazama mlima kwa muda, akasema, "Basi nikikua nitakuvusha. Tutaenda wote." Tonyu alikuwa akipita na ndoo, akasikia. "Na mimi je? Mtaniacha na nani?" Lhakyi akamjibu, "Na farasi, Baba." Tonyu alicheka hadi maziwa yakamwagika, lakini Sulan alisimulia baadaye kwamba siku ile mumewe hakula. Alikuwa akimpenda mwanamke ambaye moyo wake ulikuwa ng'ambo, naye alilijua hilo vizuri.

Tonyu alifia vitani Lhakyi alipokuwa amepevuka. Kwa desturi ya kambi, mwanamke mateka aliyefiwa na mumewe alirudi kuwa mali ya kambi, basi Sulan akapelekwa kwenye mawe ya kusagia pamoja na mateka wengine. Kutoka nyumbani kwake alichukua vitu viwili tu: koti la buluu, na koti la ngozi ya kondoo la Tonyu, ambalo alikataa kulitoa hata alipopigwa. Lhakyi alikuwa huru kwa upande wa baba. Angeweza kuolewa. Alikwenda badala yake kwenye nyumba ya watawa iliyo juu ya bonde, kwa sababu ni watawa peke yao walioruhusiwa kuwapelekea mateka uji. Mama Mkuu alipomwuliza kwa nini anataka kuvaa joho, alitegemea kusikia habari za uchungu wa dunia na njia ya ukombozi, kama wasemavyo wasichana wote. Lhakyi alisema, "Nataka kumwona mama yangu."

Mama Mkuu akafikiri. "Sababu yako si nzuri sana," akasema. "Lakini ni ya kweli. Za wenzako ni nzuri sana." Akampokea.

Hivyo ndivyo alivyoitwa. Kwetu kila mtawa wa kike huitwa Shangazi, naye akawa Shangazi Lhakyi, msichana mwembamba mwenye ndoo ya uji, anayesema Kichina cha Yonghe kwa wasagaji na Kitibeti cha zizini kwa walinzi. Alisoma maandiko kwa lugha zote mbili. Alitibu vidonda. Alipatanisha mateka na walinzi mara nyingi hata wakuu wa kambi wakaanza kumwita kila wajumbe wa mjomba walipofika, kwa kuwa wakalimani wa kambi walikuwa na ugonjwa wa kutafsiri matusi vizuri kuliko salamu. Na kila jioni alipochukua bakuli tupu kutoka kwa Sulan, mama alimwuliza swali lile lile: "Lini?" Naye alijibu, "Bado kidogo, Mama." Sulan alikuwa ameanza kukohoa. Hakutaka mengi tena, alitaka tu akazikwe penye makaburi ya wazazi wake. Ahadi ya mtoto aliyeutazama mlima ilikuwa imegeuka deni la mtu mzima.

Ndipo ikaja habari kubwa. Mjomba na mpwa, katika miji yao mikuu miwili, walikuwa wameapa amani. Kila mmoja abaki na nchi aliyo nayo, moshi na vumbi visionekane tena mpakani, na mateka wapewe chakula na nguo warudishwe makwao. Lungmar yote ililia kwa furaha, na waliolia zaidi ni waliokuwa na watu ng'ambo. Lakini neno la wafalme husafiri polepole, na likifika mpakani hukuta lina kazi ya kufanywa. Ilibidi majemadari wawili wa kivuko waape upya kwa niaba ya watu wao, la sivyo hakuna mtumbwi ambao ungeondoka.

Katikati ya kivuko chetu kuna kisiwa cha changarawe, na juu yake limesimama jiwe jeupe, refu kama mtu. Desturi ya jiwe ni ya zamani kuliko wafalme wote. Kiapo cha kivuko lazima kiwe na mdhamini, mtu mmoja anayepaka midomo yake damu ya kondoo kwa niaba ya pande zote, kisha anakaa penye jiwe maisha yake yote. Hakanyagi ukingo wa mjomba, hakanyagi ukingo wa mpwa. Akivuka, kiapo kimekufa. Akiuawa, aliyemuua ndiye mvunjaji na laana ni yake. Watu wa pande zote mbili, hata wasioogopa wafalme wao, waliliogopa jiwe.

Majemadari walikutana mwanzoni mwa majira ya baridi. Wa kwetu alikuwa Trisang, mpanda farasi hodari na mtu wa kelele. Wao walimleta Guo, mzee mkavu mwenye ndevu chache, asiyecheka. Mateka walikuwa wamekwisha kukusanyika kwenye kingo zote mbili na mabunda yao, kwa sababu barafu nyembamba ikianza kutanda juu ya maji, mto hauvukiki kwa mtumbwi wa ngozi wala kwa miguu, na kusubiri hadi barafu ikomae kungewaua wazee kwa baridi. Mkutano ulivunjika kabla haujaanza. Trisang alisimamisha hema zuri kisiwani, akamwandalia Guo mto wa kukalia mkono wake wa kuume, mahali pa heshima kuu. Guo alisimama mlangoni, akautazama mto ule wa kukalia, akageuka kurudi kwenye mtumbwi wake.

"Mwone!" Trisang akafoka. "Nimempa kiti cha mfalme, ananipa mgongo!"

"Bwana Jemadari," Shangazi Lhakyi akasema, "umemheshimu kwa kikwetu. Kwa kikwao mkubwa huketi kushoto. Hapo umemwita mtumishi wako."

"Sasa nimweke kushoto? Watu wangu watasema nimemtukana!"

"Hema livunjwe. Tukae nje, tulizunguke jiwe. Jiwe halina kulia wala kushoto."

Wakakaa kwenye changarawe, majemadari wawili na makalio yao ya baridi, na mazungumzo yakaendelea vizuri mpaka yalipofika kwa mdhamini. Guo alimtaka Abate Pelyang, mkuu wa monasteri ya Lungmar, mtu aliyeheshimiwa pande zote mbili. Pelyang alikuwa tayari kukaa penye jiwe maisha yake yote. Damu, hapana. Mtawa aliyeapa kutoua hawezi kupaka midomoni damu ya mnyama aliyechinjwa kwa ajili yake.

"Kiapo bila damu ni maongezi," Guo akasema.

"Basi nitapaka mimi!" Trisang akasema.

Guo akamtazama. "Wewe? Wewe ulishaapa mara mbili, na mara mbili ukavuka na moto. Midomo yako imezoea viapo. Na wadhamini wenu wawili waliopita walikuwa askari. Mmoja alitoroka na mke wa mvuvi, mwingine aliuza chumvi pande zote mpaka akanenepa, akavuka. Nataka mtu asiyevunja neno lake. Namtaka huyu mtawa."

Walizunguka hapo hapo kutwa. Upepo ulianza kuleta theluji kavu. Kutoka ukingoni zilisikika sauti za watu wakikohoa, na Lhakyi alikitambua kikohozi kimoja miongoni mwa vyote. Alikuwa akitafsiri huku na kule, kwa upole, neno kwa neno, mpaka alipochoka kuwa mdomo wa watu wengine.

"Mheshimiwa Guo," akasema, "unamtaka mtu asiyevunja neno lake, na sharti lako la kwanza ni alivunje. Ukimpata hatakufaa tena."

Guo akavuta ndevu zake chache. "Kuna mwingine?" akauliza.

Muumini asikie sasa sheria ya watawa, kwa maana hapa ndipo penye uzito wote. Mtawa anaweza kurudisha nadhiri zake waziwazi mbele ya shahidi. Huko si kuvunja. Mwanamume akirudisha huruhusiwa kuzichukua tena baadaye, hata mara saba. Mwanamke akirudisha, hapewi tena katika maisha hayo. Sheria hii sikuitunga mimi, na kama ningeulizwa ningekuwa na la kusema. Pelyang angeweza kuvua joho siku ile na kulivaa tena siku nyingine. Alijieleza kwamba akilivua atakuwa Pelyang tu, na Guo hakumtaka Pelyang tu. Maelezo yale yalikuwa na ukweli ndani yake. Hofu pia ilikuwamo.

Lhakyi alisimama mbele yake. "Baba Abate, uwe shahidi. Nazirudisha."

"Lhakyi! Unajua kwamba mwanamke hapewi tena?"

"Najua, Baba."

Akalivua joho, akalikunja, akaliweka juu ya magoti ya Abate. Alibaki na shati la ndani, na upepo wa kivuko chetu hauna adabu. Guo akauliza mama yake ni nani. "Ni Sulan wa Yonghe, Mheshimiwa. Yuko ukingoni pale, ndiye yule anayekohoa." Baba yake je? Trisang ndiye aliyejibu, na kwa mara ya kwanza kutwa nzima alisema kwa sauti ya chini: "Tonyu. Alinitunzia farasi." Guo akaitikia kwa kichwa. Damu ya pande zote mbili ilikuwa imekwisha kuchanganywa ndani ya mwanamke mmoja, wala hakukuwa na bakuli la kuitenganisha tena. Kondoo akachinjwa. Lhakyi akachovya kidole, akapaka midomo, akashika jiwe kwa mikono miwili. "Niliyezaliwa na pande mbili sina upande," akasema. "Kila mtu aende kwao. Asibaki hata mmoja."

Mitumbwi ikaanza. Ya Lungmar ilipitia kisiwani kabla ya kwenda ng'ambo, na ya Yonghe vivyo hivyo. Bibi ya bibi yangu alikuwa katika mmoja wa ile iliyokuja upande huu, na niyasemayo ameyaona yeye. Sulan alikuwa katika mtumbwi wa kwanza. Alivaa koti la buluu, na juu yake lile la ngozi la Tonyu, akacheka kama msichana. Maana mpango wao wa miaka yote ulikuwa kwamba binti yake mtawa, ambaye hakuna mpaka unaomzuia, atavuka pamoja naye.

"Haya, panda, panda! Mbona una shati tu, utaganda! Na hiyo midomo? Umekula nini?" Akanyoosha mkono amfute kwa mkono wa koti.

Lhakyi akamshika mkono. "Usifute, Mama."

Akamweleza. Sulan alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini kwenye changarawe. "Mimi siendi."

"Lazima uende, Mama."

"Nani kasema lazima?"

"Mimi. Nimeapa asibaki hata mmoja. Nikikuzuia wewe, kiapo kinakufa kabla damu haijakauka. Tazama watu wale."

Sulan akawatazama. Kingo zote mbili zilikuwa nyeusi kwa watu wenye mabunda. "Miaka yote nimelilia ng'ambo," akasema. "Leo nimeipata ng'ambo, na wewe ndiye umekuwa ng'ambo." Akainuka taratibu. Akavua koti la ngozi akaliweka juu ya jiwe, akavua koti la buluu, lile alilolificha chini ya magunia, lile alilolilia kila mwaka, akamvika binti yake na kumfunga vifungo vyote kwa mkono wake, kimoja kimoja, hadi shingoni. Mwenyewe akavaa la Tonyu. Akapanda mtumbwi. Katikati ya maji alianza kuita jina la mwanawe na kutaka arudishwe, na wapiga makasia wakasita, wakamtazama mdhamini.

"Mvusheni," Lhakyi akasema.

Bibi ya bibi yangu alisema hakuwahi kusikia neno gumu kama lile. Lhakyi alilisema akiwa amesimama wima, kisha akaliegemea jiwe na kulikumbatia. Hivyo alitimiza ahadi aliyoiweka utotoni, na ilimchoma moyo tangu siku ile hadi kufa kwake. Hakuificha huzuni yake, wala sisi hatuifichi, kama wafanyavyo wanaodhani kwamba mtakatifu hana mama.

Alijengewa kibanda cha mawe kisiwani. Watu wa kingo zote mbili walimletea unga wa shayiri, siagi, chai na kuni, wakamletea na ugomvi wao wa malisho na ndoa, naye akawasikiliza akiwa na koti lake la buluu. Vijana wa Yonghe walimtania, "Shangazi, umevaa kikwetu, basi njoo kwetu tukupe mume!" Akawajibu, "Mleteni hapa. Akiweza kuishi na jiwe, ataniweza." Lakini majira ya baridi yalimtesa. Mto ulipoganda, ng'ambo ikawa si ng'ambo tena. Ilikuwa hatua chache juu ya barafu, na Yonghe ilikuwa nyuma ya kilima tu. Wakuu wa mjomba waliwakataza waliorudi wasikaribie mpaka. Mama asiruhusiwe kuja, binti asiruhusiwe kwenda, na barafu ngumu katikati kama sakafu iliyofagiliwa.

Katika baridi ya tatu Trisang alikuja na wapanda farasi wake. Malisho yalikuwa yamekufa kwa ukame, na maghala ya Yonghe yalikuwa yamejaa. Alimkuta Lhakyi amesimama kwenye njia ya barafu.

"Toka njiani, Shangazi."

"Nitoke niende wapi, Trisang? Kule ni kwa mjomba, huku ni kwa mpwa. Nimebakiwa na hapa nilipokanyaga."

"Nitakupita pembeni."

"Pita. Nitakufuata nikuzuie, nami nitakuwa nimevuka. Kiapo tutakuwa tumekiua wawili, mimi na wewe." Sauti ikamkatika. "Mama yangu yuko kule, Trisang. Unadhani miguu yangu haitaki? Nipe sababu tu."

Trisang akavuta hatamu. Aliwageuza farasi. Wachoraji huwachora farasi wale wakiwa wamempigia magoti Shangazi, na mahujaji wengi hulia mbele ya picha hiyo. Bibi ya bibi yangu alisema farasi mmoja aliteleza. Muumini na achague, maana muujiza ulikuwa mahali pengine. Juma lile lile Guo alisikia habari, akampelekea Trisang magunia ya nafaka ya kulisha farasi, kwa masharti kwamba asishukuriwe.

Habari za Sulan zilikuja kwa mdomo wa mchuuzi wa chumvi. Sulan aliikuta nyumba ya kwao imeungua siku nyingi, akapokewa na mtoto wa kaka yake. Hakuweza kula tambi za kwao bila kuulizia unga wa shayiri. Watoto wa mtaa walimwita Bibi Mtibeti. "Na Mwaka Mpya wenu ukifika," mchuuzi akasema, "yaani wa huku, si wa kule, huvaa koti la ngozi, husimama nyuma ya nyumba, huelekea magharibi."

"Analia?" Lhakyi akauliza.

"Nilimwuliza. Anasema halii. Anasema anawasalimia watu."

Tangu siku hiyo, asubuhi ile ya mwaka, Lhakyi naye alisimama penye jiwe akielekea mashariki. Walisalimiana hivyo miaka mingi, kila mmoja katika koti la mwenzake, na kilima katikati. Kisha Mwaka Mpya mmoja mchuuzi alikuja kabla ya wakati wake, na begani alikuwa amebeba koti la ngozi ya kondoo, limekunjwa vizuri. Lhakyi alilipokea, akalivaa juu ya lile la buluu, akaketi, hakuelekea mashariki wala magharibi. Sulan alikuwa amezikwa penye makaburi ya wazazi wake, kama alivyotaka.

Shangazi alikaa penye jiwe hadi mwaka wa Joka wa Ardhi. Wakati huo ufalme wetu ulikuwa umevunjika, kila jemadari akawa mfalme wa zizi lake, na viapo vya miji mikuu havikumkumbusha mtu kitu. Lakini kivuko cha Lungmar hakikuvukwa na jeshi lolote. Alipougua, Abate Pelyang, mzee wa kubebwa, aliletwa kisiwani na joho magotini, lile lile, limeliwa na nondo pembeni.

"Ningeweza kuvua mimi," mzee akasema. "Mimi ningevaa tena."

"Najua, Baba. Hata siku ile nilijua."

"Basi livae ufe nalo. Sheria nitajibu mimi."

Alitabasamu. "Sheria ni sheria, Baba. Na nikiwa na joho, mama atanijuaje?" Akafa asubuhi, amevaa makoti yote mawili.

Kufa kwake kulizua ugomvi wa mwisho, na waumini huupenda. Watu wa Yonghe walidai mwili kwa haki ya mama, wa Lungmar kwa haki ya baba, wakavutana penye jiwe, mjomba na mpwa wakigombania shangazi, mpaka Pelyang akawauliza kama hawaoni haya. Alichomwa pale pale kisiwani. Kisha likaja swali zito: mdhamini asiyeruhusiwa kuvuka, majivu yake yawekwe wapi? Mzee mmoja akajibu kwamba mto hauulizwi. Wakayamwaga majini, na maji ya kivuko chetu hutoka Lungmar na kupita chini ya makaburi ya Yonghe. Hivyo alimfikia mama yake bila kuvunja kiapo.

Katika picha iliyo ukutani mwa hekalu letu amechorwa hana joho, ana koti la Kichina, na midomo yake ni myekundu. Wageni hudhani mchoraji alikosea, na wengine hunong'ona kwamba mtakatifu alijipamba. Tunawaacha wanong'one mpaka wasikie. Wagonjwa wa kikohozi hugusa kifungo cha juu na wengi hupona. Wasafiri huapa kwa midomo yake, na anayeapa hivyo kwa uongo hafiki kwao. Anayetaka kumwiga asianze na damu. Amtafute mtu mmoja aliye mbali na kwao, amvushe, hata kama atakayebaki ukingoni ni yeye mwenyewe.

Na kila Mwaka Mpya watu wa pande zote mbili hukutana penye jiwe na kubadilishana makoti kwa asubuhi ile moja. Husimama wakipeana migongo, wetu wakielekea mashariki, wao magharibi, na machozi huganda mashavuni. Mtoto mgeni akiuliza watu wazima wanalia nini, hujibiwa na kingo zote mbili kwa pamoja: "Hatulii. Tunawasalimia watu."